Rais Aliyekubali Kushindwa: Urithi wa Mathieu Kérékou wa Benin

Leo tutazungumza juu ya mtu ambaye jina lake halitajwi sana huku kwetu Afrika Mashariki, ingawa historia yake inatugusa kwa karibu. Mtu huyo ni Jenerali Mathieu Kérékou, rais wa zamani wa Benin.

Nianze kwa kuwauliza swali. Ukomunisti ulipoanguka, viongozi walioushika usukani walipatwa na nini? Wengi wetu mawazo yanakimbilia Ulaya ya Mashariki. Tunakumbuka Ukuta wa Berlin, uliofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Tunamkumbuka Nicolae Ceaușescu wa Romania, aliyepigwa risasi pamoja na mkewe siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Lakini tusisahau kwamba Afrika nayo ilikuwa na serikali zilizojiita za Kimarx na Kilenin. Ethiopia ilikuwa nayo, na Mengistu Haile Mariam akaishia kukimbilia Zimbabwe mwezi Mei 1991. Msumbiji, Angola na Kongo-Brazzaville zilikuwa nazo. Na Benin pia.

Huko Benin, rais aliyeileta siasa hiyo hakuuawa wala hakukimbia. Alikaa nchini, akawasikiliza wananchi wakimlaumu hadharani, akashindwa katika uchaguzi, akaenda nyumbani. Miaka mitano baadaye wananchi wakamrudisha Ikulu kwa kura zao. Na miaka kumi baada ya hapo akaondoka tena, kwa amani, kwa sababu katiba ilisema muda wake umekwisha.

Je, mtu wa namna hii tumkumbuke vipi? Kama dikteta? Kama baba wa demokrasia? Hilo ndilo tutakalolipima leo, na nitaligawa katika sehemu tatu. Kwanza, alikotoka na alichokifanya alipokuwa na mamlaka yote. Pili, zile siku kumi za Februari 1990 zilizobadilisha kila kitu. Na tatu, urithi wenyewe: alituachia nini, na ni nani hasa wa kushukuriwa kwa urithi huo.

Tuanze na la kwanza.

Benin ya leo ilipata uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 1 Agosti 1960, ikiitwa Dahomey. Miaka kumi na miwili ya mwanzo ilikuwa ya mashaka matupu. Wanajeshi walipindua serikali, wakaweka raia, wakaipindua tena. Ilifika mahali wanasiasa watatu wakubwa wakakubaliana kupokezana urais kwa zamu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Basi tarehe 26 Oktoba 1972, Meja Mathieu Kérékou, mwanajeshi kutoka kaskazini mwa nchi, akaifuta serikali hiyo ya zamu na kujitangaza kiongozi.

Miaka miwili baadaye, katika mji wa kale wa Abomey, akatangaza kwamba nchi itafuata njia ya Kimarx na Kilenin. Mwaka 1975 nchi ikabadilishwa jina na kuwa Jamhuri ya Watu wa Benin. Bendera mpya ilikuwa ya kijani, na nyota nyekundu pembeni. Kikaundwa chama kimoja, na hakikuruhusiwa kingine. Benki, bima na biashara ya mafuta vikawa mali ya serikali.

Wasikilizaji, haki ni haki, hata kwa mtu unayemlaumu. Serikali ya Kérékou ilimaliza ule mzunguko wa mapinduzi yasiyokwisha. Tarehe 17 Januari 1977, mamluki wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard walitua uwanja wa ndege wa Cotonou ili kumpindua. Walifukuzwa siku hiyohiyo. Wananchi wengi walimwona wakati huo kama mlinzi wa heshima ya nchi ndogo isiyotaka kuchezewa na wageni.

Lakini upande wa pili tusiufunike. Waliopinga walifungwa bila kesi. Wengine waliteswa, na wasomi wengi wakahama nchi. Jina la gereza la Ségbana, kule kaskazini karibu na mpaka wa Nigeria, lilitosha kumnyamazisha mtu. Mwaka 1975 waziri wake wa mambo ya ndani, Kapteni Michel Aïkpé, aliuawa kwa risasi, na mauaji hayo yakawaliza watu na kuleta ghasia mitaani. Haya nayo ni sehemu ya urithi wake, na atakayemsifu Kérékou bila kuyataja hajasema ukweli wote.

Sasa, ni nini kilichouangusha ukomunisti wa Benin? Je, ni Ukuta wa Berlin? Hapana. Berlin iliwapa watu moyo, ndiyo, lakini Benin ilikuwa imeanza kuyumba kabla ya hapo. Kilichouangusha ni mishahara. Nasema tena: ni mishahara. Viwanda vya serikali vilikula hasara mwaka baada ya mwaka. Benki za serikali zilikuwa zikiwakopesha wakubwa na jamaa zao, na mikopo hairudi. Mshauri mmoja wa rais, Mohamed Cissé kutoka Mali, aliyejulikana kwa mambo ya uganga, baadaye alihukumiwa kwa ubadhirifu wa fedha za benki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, benki hizo zilikuwa zimefilisika. Mwananchi aliyeweka akiba yake alikwenda dirishani akaambiwa hakuna fedha.

Hebu fikiri. Wewe ni mwalimu. Unalipwa na serikali inayojiita ya wafanyakazi na wakulima, na mishahara ya miezi kadhaa hujaiona. Watoto wako nyumbani wanasubiri chakula. Asubuhi unasimama mbele ya darasa uwafundishe wanafunzi ubora wa mapinduzi. Utawafundisha nini? Mwaka 1989 walimu walikataa kufundisha, wanafunzi wa chuo kikuu wakagoma kwa ajili ya posho zao, watumishi wa ofisi wakaungana nao. Nchi ikasimama. Wafadhili, Ufaransa ikiwa mbele, nao wakasema fedha hazitoki bila mageuzi.

Hapo ndipo Kérékou, mwezi Desemba 1989, alipotangaza kwamba Benin inaachana na siasa ya Kimarx na Kilenin. Na akaahidi kuitisha mkutano mkuu wa kitaifa ili wananchi wazungumze. Yeye aliutarajia kuwa mkutano wa ushauri tu: watu watoe dukuduku, yeye aendelee kutawala. Lakini haikuwa hivyo.

Na hapa, wasikilizaji wangu, tunaingia sehemu ya pili: zile siku kumi.

Mkutano ulifunguliwa Cotonou tarehe 19 Februari 1990, katika hoteli ya PLM Alédjo. Wajumbe walikuwa karibu 500. Walikuwepo wakulima, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, walimu, wanafunzi, wanajeshi, viongozi wa dini, marais wa zamani waliopinduliwa, na watu waliorudi kutoka uhamishoni. Kiti cha mwenyekiti walimpa Askofu Isidore de Souza wa Kanisa Katoliki, mtu mtulivu aliyeaminiwa na pande zote.

Na jambo moja lazima nilisisitize, kwa sababu linatuhusu sisi tunaokutana hapa kwa njia ya sauti. Majadiliano yale yalitangazwa moja kwa moja redioni. Watu wa Benin, waliozoea kusikia redio ikisoma maneno ya chama, sasa walisikia wenzao wakimwuliza rais maswali: fedha zimekwenda wapi? Waliofungwa walikosa nini? Sokoni, vijijini, kwenye vituo vya teksi, watu walikaa kandokando ya redio wakifuatilia. Yale yaliyokuwa yakinong'onwa kwa miaka kumi na saba yakasemwa kwa sauti, na aliyeyasema hakukamatwa.

Tarehe 25 Februari mkutano ukachukua hatua kubwa. Wajumbe walipiga kura wakaamua kwamba maamuzi yao si ushauri, ni amri; kwamba mkutano wenyewe ndio wenye mamlaka juu ya nchi. Kérékou alikasirika. Aliona kwamba raia wamefanya mapinduzi dhidi yake. Humo mkutanoni walikuwemo maofisa wa jeshi waliotoa vitisho. Neno moja tu la rais lingetosha kuwaingiza askari. Kwa siku tatu hakuna aliyejua kama mkutano utaishia kwenye maafikiano au kwenye damu.

Askofu de Souza alizungumza naye kwa subira. Na tarehe 28 Februari, Mathieu Kérékou akakubali. Alikubali hadharani kutekeleza maamuzi yote ya mkutano. Alikiri makosa ya utawala wake na kuomba radhi. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Siku ile, mtu aliyetawala kwa bunduki alichutama.

Kwa nini alikubali? Nadhani ni haki kutaja sababu zote, hata zile zisizopendeza. Hazina ilikuwa tupu, na askari nao wanahitaji mshahara. Wafadhili wasingempa senti akimwaga damu. Na zaidi ya yote, aliahidiwa kwamba hatashtakiwa kwa yaliyopita. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa. Mama aliyempoteza mwanawe gerezani hakupata kumwona rais kizimbani. Mimi naamini uamuzi ule uliokoa maisha ya watu wengi, lakini naamini pia kwamba deni la wale waliofungwa na kuteswa halikulipwa, na amani isitumike kama kisingizio cha kuwasahau.

Tazameni sasa yaliyofuata. Nicéphore Soglo, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, akawa waziri mkuu wa kipindi cha mpito. Katiba mpya ikapigiwa kura mwezi Desemba 1990. Mwezi Machi 1991 ukafanyika uchaguzi, Kérékou akagombea, akapata takriban theluthi moja ya kura, Soglo akapata theluthi mbili. Kérékou akawa miongoni mwa marais wa kwanza kabisa wa bara letu kuondolewa kwa sanduku la kura. Akaondoka Ikulu, akakaa kimya. Hakuingia msituni, wala hakuzunguka mijini akichochea.

Je, hilo lilikuwa jambo la kawaida? Wasikilizaji wetu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wanajua kwamba halikuwa la kawaida hata kidogo. Nchi yao, wakati huo ikiitwa Zaire, nayo ilifanya mkutano wake mkuu wa kitaifa, ulioanza 1991, na ukaja kuongozwa na Askofu Laurent Monsengwo. Mkutano uliposimamishwa mwezi Januari 1992, Wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari wakitaka ufunguliwe, na askari wakawapiga risasi. Mkutano ukafunguliwa tena, ukamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, lakini Rais Mobutu akakataa kuachia mamlaka. Nchi ikaingia kwenye giza ambalo matokeo yake bado yanaonekana. Pale Togo, jirani wa mlango kwa mlango na Benin, mkutano kama huo ulifanyika pia 1991, na mwezi Desemba mwaka huo askari wa Rais Eyadéma wakaishambulia ofisi ya waziri mkuu na kumkamata.

Mikutano ilikuwa ya namna moja, na madai ya wananchi yalikuwa yaleyale. Tofauti kubwa ilikuwa ni rais mmoja kusema ndiyo, na wengine kusema hapana. Hapo ndipo Kérékou anapostahili heshima yake, na mimi sitamnyima.

Tumefika sehemu ya tatu, na ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Urithi.

Mwaka 1996 wananchi walimrudisha Kérékou madarakani. Mageuzi ya uchumi ya Soglo yalikuwa yamewabana, na baadhi walimwona Soglo kuwa ameipendelea mno familia yake. Kérékou akapata zaidi kidogo ya nusu ya kura. Alirudi akiwa Mkristo aliyeokoka, si mwanamapinduzi tena. Wapo waliomkumbusha kwamba tangu zamani alijichagulia kinyonga kuwa nembo yake.

Siku ya kuapishwa kukatokea jambo. Kiapo cha rais wa Benin kinataja Mungu, mizimu ya wahenga, taifa na wananchi. Kérékou, kwa imani yake mpya, akairuka mizimu ya wahenga. Mahakama ya Katiba ikasema kiapo hicho hakikutimia, akarudie. Na akarudia.

Ndugu msikilizaji, tulia hapo kidogo. Mtu huyuhuyu, miaka ishirini kabla ya hapo, neno lake ndilo lililokuwa sheria. Sasa majaji wanamwambia rudi, apa upya, kama katiba inavyotaka, naye anarudi. Nani alibadilika? Inawezekana ni yeye. Lakini kilichobadilika zaidi ni nchi. Ilikuwa na katiba ambayo watu wake waliipigania, na ilikuwa na mahakama isiyoogopa kumrudisha rais.

Aliyafanya pia mambo ya kukumbukwa duniani. Mwaka 1999, alipokwenda Marekani, aliwaomba radhi Wamarekani wenye asili ya Afrika kwa sehemu ambayo Waafrika walikuwa nayo katika kuwauza ndugu zao utumwani. Benin ndiyo nchi ya bandari ya Ouidah, ambako watu wasiohesabika walipakiwa melini. Viongozi wangapi wa Afrika wamethubutu kusema maneno kama hayo?

Lakini tusimpake mafuta akang'aa kupita kiasi. Uchaguzi wa 2001 uliacha harufu mbaya. Soglo na Adrien Houngbédji walijitoa kabla ya duru ya pili wakilalamikia hila, na aliyebaki kushindana na rais alikuwa mwanasiasa kutoka serikali yake mwenyewe. Mwaka 2005 kampuni ya Kimarekani iitwayo Titan ilikiri mahakamani huko Marekani kwamba ilitoa rushwa, na kwamba zaidi ya dola milioni 2 zilikwenda kwenye kampeni ya rais wa Benin. Rushwa haikutoweka eti kwa kuwa tu nchi ina vyama vingi.

Kisha ikaja 2006. Katiba ilisema vipindi viwili basi, na mgombea asizidi miaka 70. Kérékou alikuwa amefikia kikomo cha yote mawili. Wapambe walianza kusema katiba ibadilishwe. Mnaijua ile sauti, maana hata huku kwetu tumeisikia: kwamba wananchi bado wanamhitaji, kwamba hakuna mwingine. Watu wa Benin wakaibuka na kauli moja, kwamba katiba isiguswe. Naye Kérékou akatangaza kwamba hataigusa. Mwezi Aprili 2006 akamkabidhi madaraka Yayi Boni, akaenda zake. Alifariki tarehe 14 Oktoba 2015, akiwa na umri wa miaka 82.

Basi, urithi wake ni upi? Hukumu yangu ni hii. Kérékou anastahili shukrani kwa jambo moja kubwa: alikubali kuwekewa mpaka, si mara moja, bali mara tatu: mwaka 1990, mwaka 1991, na mwaka 2006. Lakini mpaka wenyewe hakuuweka yeye. Uliwekwa na mwalimu aliyegoma, mwanafunzi aliyeandamana, askofu aliyesimamia mazungumzo, mjumbe aliyepiga kura ukumbini huku akijua wanajeshi wanamtazama, na mwananchi aliyesema katiba isiguswe. Nairudia ili ituingie: kiongozi anaweza kuukubali mpaka, lakini wa kuuweka ni wananchi.

Na ndiyo maana urithi huo haukai wenyewe. Benin, iliyokuwa mfano kwa Afrika nzima, mwaka 2019 ilifanya uchaguzi wa wabunge bila chama hata kimoja cha upinzani kwenye karatasi za kura. Siku ya kura intaneti ilizimwa, na siku chache baadaye waandamanaji wakafa kwa risasi mjini Cotonou. Mwaka 2021 Reckya Madougou, mwanamke aliyetaka kugombea urais, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Nchi ni ileile, na uwanja mkubwa wa mpira wa Cotonou una jina la Kérékou. Lakini jina la mtu ukutani halilindi uhuru wa mtu.

Kwa hiyo, wasikilizaji wangu, nawaomba mambo mawili. La kwanza, unapompima kiongozi, usiishie kuuliza amejenga barabara ngapi. Uliza pia: akiambiwa na mahakama rudi, atarudi? Akiambiwa na kura ondoka, ataondoka? La pili, isomeni katiba ya nchi yenu, muwasomee na watoto, kwa sababu hakuna rais, hata awe mwema kiasi gani, atakayeilinda kwa niaba yenu.